Tamthilia za mashujaa hazijakosa pesa, zimekosa muda. Nipingeni kwa hoja

#1 Kivuli cha Saa Nane

Wakuu habari zenu.

Nina jambo nataka tulijadili bila matusi. Kila siku nasikia watu wamechoshwa na tamthilia za mashujaa, eti zimezidi. Mimi nakataa. Tatizo lilianza pale msimu uliposhuka kutoka episodi 22 au 23 hadi 6 au 8.

Chukueni msimu wa kwanza wa The Flash, mwaka 2014. Episodi ya kwanza inaishia kwa Dk. Wells, mlezi wa shujaa, kuinuka kwenye kiti cha magurudumu, anaingia chumba cha siri, anavua miwani na kusoma gazeti la mwaka 2024 linalosema Flash ametoweka. Wewe mtazamaji umeshajua kwamba huyu mtu ana lake. Barry, ndiye Flash mwenyewe, hajui. Wiki baada ya wiki unamwona Wells akimfundisha kijana kukimbia, anampongeza, anamlinda, na wewe umebaki na siri hiyo rohoni. Kufika episodi ya 15 anamwambia Cisco, rafiki na fundi wa timu, kwamba kwake yeye alishakufa karne nyingi zilizopita, halafu anamtia mkono kifuani. Ile iliuma kwa sababu Cisco tulishaishi naye. Tulishamzoea na utani wake wa kuwabatiza maadui majina.

Haya njooni Secret Invasion ya Marvel ya 2023, episodi 6 tu. Maria Hill anauawa mwisho wa episodi ya kwanza, Talos anauawa ya nne. Wote ni watu tuliowajua tangu kwenye filamu, lakini tamthilia yenyewe haikuwapa hata mazungumzo ya maana kabla ya kuwaua. Nilitazama kama natazama taarifa ya habari.

Naombeni maoni.

#2 Dada Nyota

Nakazia. Mimi ile ya Wells na Cisco nilisimamisha, nikashindwa kuendelea hadi kesho yake.

#3 Pweza Mkavu

Kwa heshima zote mkuu, nakukatalia. Umechagua msimu bora wa The Flash ukaupambanisha na tamthilia mbovu kuliko zote za Marvel. Hapo lazima ushinde. Mbona hukusema habari ya msimu wa tano, wa sita, wa saba? The Flash ilienda misimu 9, 2014 hadi 2023, na kuanzia katikati kila mwaka ni yale yale: Barry anatokewa na adui anayemzidi, anapewa maneno ya kumtia moyo kwenye korido, anakimbia zaidi, anashinda. Episodi nyingi hazikumfanya Cisco apendwe. Zilimfanya mwigizaji wake aondoke.

Na kama ufupi ndio ugonjwa, nieleze Watchmen ya 2019. Episodi 9, msimu mmoja, basi. Inaanza na mauaji ya watu weusi mjini Tulsa, Marekani, mwaka 1921, mtoto anafichwa ili atoroshwe, na mpaka unamaliza hakuna uzi uliobaki unaning'inia.

#4 Mzee wa Msimu wa Kwanza

Nimeweka kambi hapa.

#5 Farasi wa Mbao

Pweza amemaliza kila kitu. Na hilo gazeti la Wells nalo ni uzembe. Liliandikwa tarehe ya Aprili 2024, tamthilia ikafungwa Mei 2023. Walikuwa na miaka tisa ya kujipanga wakashindwa kufika kwenye tarehe yao wenyewe.

#6 Msomaji wa Katuni

Farasi, hapo sikubaliani. Mwisho wa msimu wa tano tarehe kwenye gazeti inabadilika mbele ya macho yetu, kutoka 25 Aprili 2024 hadi 10 Desemba 2019. Ndiyo maana Crisis on Infinite Earths, hadithi iliyounganisha tamthilia kadhaa za DC, ikaja Desemba 2019. Walilipa deni, tena mapema. Na kwa tuliokuwa tunafuatilia tamthilia zote za familia ile, Crisis ilikuwa zawadi: sehemu 5 kupitia tamthilia tano tofauti, Brandon Routh amerudi na joho la Superman, Tom Welling anaonekana akiwa mkulima aliyeachana na nguvu zake, hadi Burt Ward aliyekuwa Robin mwaka 1966 akapita na mbwa wake. Hakuna jukwaa la kulipia limewahi kunipa kitu kama kile kwa bajeti ndogo namna ile.

#7 Kinyonga Mweusi

Tatizo ni adui. Muda hauhusiki.

Hesabuni mnazozikumbuka. Daredevil mnaikumbuka kwa Fisk. The Boys mnaikumbuka kwa Homelander. Heroes mnaikumbuka kwa Sylar. Msimu wa kwanza wa Jessica Jones mnaukumbuka kwa Kilgrave. Sasa nitajieni adui wa The Falcon and the Winter Soldier bila kwenda kutafuta.

The Boys ina episodi 8 kila msimu na Homelander simsahau. Ile ya ndege, msimu wa kwanza. Ameshaharibu usukani kwa miale ya macho yake mwenyewe, ndege inaenda kuanguka, shujaa mwenzake Maeve anamsihi wachukue hata abiria wachache. Anakataa, kwa sababu watakaopona watasimulia. Halafu anawageukia abiria na lile tabasamu, anawaambia watulie. Antony Starr anayemwigiza hapandishi sauti mpaka pale wanapomsogelea. Dakika chache tu hizo, na nilishamjua mtu mzima mzima.

#8 Dada Nyota

@Kinyonga Mweusi ni Karli. Nimejibu bila kutafuta.

#9 Kinyonga Mweusi

Dada wewe uko kwenye kundi la watu wachache sana duniani.

#10 Fundi wa Picha

Naona mnazunguka mbuyu. Ni pesa.

Zamani tamthilia ya shujaa ilikuwa rahisi kutengeneza. The Incredible Hulk, kuanzia 1977 hadi 1982, wakitaka Hulk wanampaka Lou Ferrigno rangi ya kijani. Smallville walimpiga marufuku Clark, yaani Superman akiwa kijana, kuvaa joho na kuruka, tangu siku ya kwanza. Ilikuwa sanaa, ndiyo, lakini ilikuwa pia njia ya kuzalisha episodi 20 na ushee kila mwaka bila kufilisika. Clark anakimbia, picha inafifia kidogo, kazi imekwisha. Miaka 10, Oktoba 2001 hadi Mei 2011, hakuruka hata mara moja hadi episodi ya mwisho.

Leo mtu akifungua tamthilia anataka aone alichokiona kwenye filamu. She-Hulk mhusika mkuu ni wa kompyuta. Kila anapoongea tu, hata akiwa amekaa ofisini, ni gharama. Huwezi kufanya 22 za namna hiyo. Na bado watu walilalamika kwamba ngozi yake haionekani ya kweli.

Swamp Thing ya 2019 ndiyo mfano mchungu kuliko wote kwangu. Vinamasi vya kweli, zimwi la kweli lililovaliwa na mtu, kazi safi ya mikono. Iliagizwa 13, zikapunguzwa kuwa 10, na siku chache baada ya episodi ya kwanza kuonyeshwa ikatangazwa imefutwa. Tukazitazama tisa zilizobaki tukijua ni maiti.

#11 Msomaji wa Katuni

@Fundi wa Picha hoja yako naielewa, ila Clark aliruka. Mwanzo wa msimu wa nne, mwaka 2004, akiwa amegeuzwa akili anajiita Kal-El, jina lake la kuzaliwa. Anaruka hadi kwenye ndege ya Lex na kuchukua lile jiwe. Alipozinduka akawa hawezi tena. Ila kuruka kwa hiari akiwa Clark mwenyewe, hapo ndiyo, ni mwisho kabisa.

#12 Fundi wa Picha

Ile naihesabu Kal-El, si Clark.

#13 Farasi wa Mbao

Hahaha, mwili mmoja mkuu.

#14 Bibi Roketi

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba.

Nimesoma posti zote na kuna kitu hakuna aliyekigusa. Tofauti ya msimu mrefu na mfupi haipo kwenye idadi tu. Ipo kwenye namna unavyoandikwa.

Ule wa episodi 22 ulikuwa unaandikwa huku unarekodiwa huku unaonyeshwa. Waandishi wako kazini karibu mwaka mzima. Wanaona mwigizaji gani ana mvuto, wanaona watu wanampenda nani, wanageuza mkondo. Felicity wa Arrow alikuja episodi ya tatu kama fundi wa kompyuta wa kupita. Oliver, shujaa mpiga mishale, anamletea kompyuta iliyotobolewa kwa risasi na kumdanganya kwamba amemwagia kahawa, naye anamwangalia tu kwamba hii hadithi yako haiingii akilini. Tukio dogo. Lakini walipoona jinsi wawili wale wanavyokaa pamoja, wakamrudisha, na msimu wa pili akawa mhusika wa kudumu. Castiel, yule malaika wa Supernatural, alikuja msimu wa nne, mwaka 2008, apite episodi chache. Akabaki hadi msimu wa 15. Harley Quinn, ambaye leo ana filamu na tamthilia zake, alizaliwa 1992 kwenye katuni ya Batman akiwa msaidizi wa Joker kwa episodi moja.

Hivi vyote ni vitu ambavyo tamthilia iligundua yenyewe ikiwa njiani. Sasa msimu wa 6 au 8 unaandikwa wote, unarekodiwa wote, waandishi wameshaenda nyumbani, ndipo unaonyeshwa. Ukigundua kwamba mtu wa kando ndiye mtamu kuliko stelingi, umechelewa. Ndiyo sababu mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023, ulioanza 2 Mei ukaisha mwishoni mwa Septemba, moja ya madai makubwa lilikuwa idadi ya waandishi wanaobaki kwenye chumba na muda wanaokaa. Hawakuwa wanagombea mishahara peke yake.

Na ushahidi mwingine ni Daredevil: Born Again. Walisharekodi sehemu kubwa, mgomo ukasimamisha kazi, wakubwa wakatazama walichonacho, wakaona hakifai, wakabadilisha waandishi wakuu na kufumua. Ikatoka Machi 2025. Walihitaji kusimamishwa kwa nguvu ndipo waone kosa ambalo zamani lingeonekana kufikia episodi ya nne.

#15 Kivuli cha Saa Nane

@Bibi Roketi marahaba, na asante. Hapo umepiga penyewe.

#16 Pweza Mkavu

Bibi Roketi hoja nzito, naiheshimu. Ila Felicity ndiye aliyeiua Arrow. Msimu wa pili na adui Slade Wilson ulikuwa moto, halafu ukaja ule uchumba wake na Oliver, na kuanzia msimu wa tatu tamthilia ya mpiga mishale ikageuka tamthilia ya wapenzi kununiana. Kwa hiyo kusikiliza watazamaji nako kuna hasara yake.

#17 Dada Nyota

Pweza acha kumsingizia Felicity. Msimu wa tano alikuwepo na ule ni kati ya bora, adui Prometheus alimtesa Oliver hadi akakiri kwamba alikuwa anapenda kuua. Episodi hiyo ilibeba tamthilia nzima tangu 2012. Lawama za msimu wa nne mpelekeeni adui wake Damien Darhk na uchawi wake.

#18 Pweza Mkavu

Msimu wa tano nakubali. Msimu wa tano ni halali.

#19 Tai Mzururaji

Mimi naona mnalinganisha Marekani kwa Marekani. Uingereza misimu mifupi ni jadi yao na wanaiweza. Misfits, 2009, msimu wa kwanza episodi 6. Vijana watano wanatumikia adhabu ya kufanya kazi za jamii, radi inawapiga, kila mmoja anapata nguvu inayofanana na aibu yake. Nathan anajiona hana kitu msimu mzima, anawasumbua wenzake, hadi dakika za mwisho anazinduka ndani ya jeneza akiwa ameshazikwa ndipo anajua nguvu yake ni kutokufa. Anacheka peke yake mle ndani. Sita tu hizo, na ningeweza kukuelezea kila mmoja wao anaogopa nini.

Ufupi si tatizo kama hadithi imeandikwa iwe fupi. Tatizo ni hizi filamu za saa sita zilizokatwa vipande. Hazina mwanzo wala mwisho wa episodi, inakatika tu.

#20 Mzee wa Msimu wa Kwanza

Tai umesema la moyoni mwangu, na naongezea moja. Zamani episodi ilikuwa na jukumu. The X-Files ilianza 1993, wiki hii zimwi la kwenye mabomba, wiki ijayo mtu anayejipenyeza matunduni, na siri kubwa ya serikali inasogea polepole nyuma. Ukikosa wiki moja hupotei. Ukiikuta katikati unaingia. Mimi Supernatural niliianzia msimu wa tano kwa bahati tu, episodi moja, nikaelewa ndugu wawili, gari jeusi, baba yao, kila kitu. Ndipo nikarudi mwanzo. Jaribu kuianzia Loki katikati uone.

#21 Kinyonga Mweusi

Loki msiiguse tafadhali. Misimu miwili ya 6, jumla 12, na mwisho wake ni bora kuliko wa filamu nyingi. Yule aliyetaka kiti cha enzi tangu 2011 anakipata, na kiti chenyewe ni mzigo wa kushikilia nyakati zote peke yake milele. Mzee, kuna hadithi ambazo hazikuandikwa uziingie katikati.

#22 Bibi Roketi

Kinyonga, lakini mwisho huo unauma kwa sababu ya 2011. Loki tumekaa naye miaka 12 kabla hajakalia kile kiti. Hata X-Men '97 ni hivyo hivyo. Episodi ya tano, kisiwa cha Genosha kinashambuliwa, Gambit wa timu ya X-Men anakufa, watu wazima walilia. Msimu una 10 tu, ila nyuma yake kuna 76 za 1992 hadi 1997. Muda ulishalipwa na wengine.

#23 Kinyonga Mweusi

Homelander je? Nani alimlipia?

#24 Farasi wa Mbao

Kuna hili la filamu pia, limeguswa juu juu. Agents of S.H.I.E.L.D. ilianza 2013 ikiwa baridi kabisa, watu wengi waliikimbia. Kumbe ilikuwa imefungwa mikono, inasubiri filamu ya pili ya Captain America. Filamu ikatoka Marekani 4 Aprili 2014, siku nne baadaye episodi ya 17 ikaonyeshwa, na shirika lote la S.H.I.E.L.D. likaporomoka ndani ya tamthilia pia. Muda mfupi tu Ward, askari mtiifu wa timu, akageuka kuwa wa Hydra, kundi la maadui waliojipenyeza humo. Mimi Ward nilikuwa namtetea kwa kila mtu. Sijawahi kusalitiwa na mhusika vile.

Kwa hiyo kuna pande mbili. Utegemezi ule uliichosha miezi sita, halafu ukaipa tukio ambalo hakuna tamthilia inayojitegemea ingeweza kulipata. Leo utegemezi umebaki, zawadi hakuna. Unatazama The Marvels unaambiwa ulipaswa kwanza uone WandaVision na Ms. Marvel. Hapo burudani imegeuka kazi ya nyumbani.

#25 Kivuli cha Saa Nane

Farasi umenisaidia bila kupenda. Ward aliuma kwa sababu ilikuwa episodi ya 17. Angegeuka ya tatu ungesema sawa tu.

#26 Farasi wa Mbao

Hilo sikatai. Nilichokataa ni kwamba ni muda PEKE YAKE.

#27 Fundi wa Picha

Na kusubiri je? Stranger Things, misimu 5, kuanzia 2016 hadi 2025. Watoto wa baiskeli wamekuwa watu wazima wenye ndevu. Ndani ya miaka tisa kama hiyo Smallville ilishatoa misimu tisa. Ukirudi baada ya miaka mitatu unaanza kutafuta nani alikuwa amekasirikiana na nani.

#28 Dada Nyota

Samahani kutoka nje ya mada kidogo. Mdogo wangu hajawahi kutazama chochote cha mashujaa, hana uvumilivu, nimwanzishie nini? Nimefikiria Daredevil ya 2015, ile korido ya episodi ya pili. Kamera haikati, Matt, ndiye Daredevil, tayari ana majeraha, anapiga mtu, anaegemea ukuta kuvuta pumzi, oveni ya maikrowevu inaruka kutoka chumbani, anaendelea hadi anamtoa yule mtoto mikononi. Nadhani itamkamata.

#29 Msomaji wa Katuni

Korido ni sahihi lakini kabla yake kuna maongezi mengi, atakuacha. Mpe katuni ya Batman ya 1992, episodi ya Heart of Ice. Dakika ishirini na ushee. Mr. Freeze anaanza kama mhalifu wa barafu wa kawaida, anamaliza ukiwa unamhurumia mbele ya kile kisanduku cha muziki chenye mwanasesere wa mkewe. Akiipenda hiyo, umempata.

#30 Kinyonga Mweusi

Dakika ishirini na ushee! Muda jamani, muda uko wapi hapo? Adui! Nimesema toka mwanzo, adui!

#31 Kivuli cha Saa Nane

Kinyonga, hiyo ni episodi inayojitegemea ndani ya msimu mrefu. Ndiyo ile tunayoiita ya kujaza nafasi. Msimu mrefu ndio uliowapa ujasiri wa kumwacha Batman pembeni wamsimulie mtu mwingine. Nani anaweza kunitajia msimu mfupi wa miaka hii uliothubutu hivyo?

#32 Pweza Mkavu

The Last of Us, 2023. Msimu wa episodi 9, na ya tatu inawaweka kando wahusika wakuu Joel na Ellie karibu yote iwafuate Bill na Frank, watu wawili ambao hatukuwajua kabisa. Bill amejifungia na mitego na bunduki zake, Frank anatumbukia kwenye shimo lake, anaomba chakula. Miaka inapita. Frank amepanda stroberi kwa siri, wanaonja, na Bill, ambaye haogopi mtu, anacheka kama mtoto. Episodi moja, watu wawili, tangu kukutana hadi kufa.

#33 Kivuli cha Saa Nane

Hiyo si tamthilia ya mashujaa.

#34 Pweza Mkavu

Uliuliza msimu mfupi mkuu. Hukusema mashujaa.

#35 Bibi Roketi

Na Pweza, ile ilikuwa na dakika zaidi ya 70. Wakipewa muda wanaujua wa kuutumia.